Msitundike Kufuli kwenye Mlango wa Dharura

Asanteni. Leo ni milango ya dharura ya ndege inayofunguliwa kimakosa. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi. Wanivumilie, au watoke wakanywe chai.

Naanzia Daegu, Korea Kusini, tarehe 26 Mei 2023. Airbus A321 ya Asiana inatoka kisiwa cha Jeju na abiria 194, imebakiza mita mia mbili na kitu kugusa ardhi. Abiria mmoja ananyoosha mkono kwenye mlango wa dharura ulio ubavuni pake, anaufungua. Video mmeiona, ilizunguka kwenye magrupu yenu yote: vitambaa vya viti vinapepea, nywele zimesimama, watu wameng'ang'ania viti. Ndege ikatua na mlango wazi. Hakuna aliyeanguka, ingawa wachache walikimbizwa hospitali kwa shida ya kupumua. Aliyeufungua alieleza kwamba alihisi kukosa hewa, akataka ashuke upesi.

Mtasema huyo hakukosea, alikusudia. Sawa. Namleta kwa sababu ya swali lililofuata. Simu yangu haikupumzika wiki nzima, na kila aliyepiga aliuliza lilelile: kwani huo mlango hauna kufuli?

Ndege ikiwa juu kabisa, hewa ya ndani inausukuma mlango kwa nguvu inayozidi tani 5 kwa kila mita ya mraba. Mlango umeundwa hivi kwamba kadiri unavyosukumwa ndivyo unavyozidi kukaza kwenye fremu yake. Jikusanyeni watano, vuteni hadi mlowe jasho, hausogei. Kwa hiyo yule mjomba wako anayeogopa kulala karibu na mlango huko juu mwambie alale. Kasheshe iko karibu na ardhi, ambapo hewa ya ndani na ya nje zimekaribia kulingana. Hapo mkono wa mtu mmoja unatosha.

"Basi wekeni kufuli!" Jamani. Twendeni Manchester, Uingereza, tarehe 22 Agosti 1985. Hapa nitakaa kidogo, mwenyekiti unisamehe.

Boeing 737 ya British Airtours, watu 137, wengi wakienda likizo Corfu. Iko mbioni kuruka, injini ya kushoto inapasuka, tangi la mafuta linatobolewa, moto. Rubani anasimamisha ndege. Mpaka hapo kila mtu yuko hai. Sasa mtazame abiria aliyekaa ubavuni mwa mlango wa juu ya bawa la kulia. Moshi unakuja, nyuma watu wanapiga kelele afungue. Anavuta mkono wa kiti. Anauvuta kwa nguvu zake zote, akidhani ndio wa mlango! Mkono wenyewe uko juu, karibu na kichwa chake. Mwenzake anainuka, anaufikia kwa kupitia juu yake, anauvuta, na mlango, chuma cha kilo 22, unaangukia ndani, juu ya mapaja ya yule aliyekaa. Mpaka uondolewe njia ifunguke, sekunde 45 hivi zimekwenda tangu ndege isimame. Walikufa watu 55, wengi wao kwa moshi.

Sasa njoo uniambie kufuli. Ufunguo anao nani? Mhudumu aliye mwisho wa ujia, na kati yenu kuna watu sitini na moshi? Riyadh mwaka 1980 ndege ya Saudia ilitua salama na moto ndani, mlango wa kwanza ukafunguliwa dakika zaidi ya 20 baada ya injini kuzimwa. Walikufa wote 301. Sheria inataka ndege nzima imwagwe watu kwa sekunde 90, na nusu ya milango tu ndiyo inayotumika. Mlango wa dharura lazima uwe mwepesi hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugusa. Wepesi huohuo ndio unaotuletea kufunguka kimakosa, na hatuwezi kuutoa.

Kuna vizuizi ninavyovikubali. Boeing 737 za siku hizi zina kufuli za umeme kwenye milango ya juu ya bawa: zinajifunga ndege ikiruka, zinaachia zenyewe ikitua au umeme ukikatika. Na mlango wenyewe sasa unafunguka kwa nje kwenda juu, haumwangukii mtu. Waliobuni hayo ni watu waliosoma ripoti ya Manchester wakaielewa.

Asiana wao walianza kwa kuacha kuuza kile kiti, maana aliyekikalia aliufikia mlango bila hata kufungua mkanda. Mimi sikupenda. Ndege ikiungua nani atafungua, kiti kitupu? Baadaye Korea wakazungumzia kuwapa askari, zimamoto na wafanyakazi wa ndege kipaumbele cha kukaa pale. Hapo sawa.

Na sisi je? Anayekaa pale mara nyingi ni mwenye miguu mirefu, au aliyelipia zaidi. Mhudumu anainama, anamsomea maelezo kwa Kiingereza cha haraka kama mnadishaji, anamuuliza kama yuko tayari kusaidia. Bwana anatikisa kichwa huku akitafuta chaja. Hicho ndicho tunachokiita maelekezo! Msomee kwa Kiswahili, mwonyeshe mkono wa mlango, mwambie lini asiuguse, kisha akurudishie kwa maneno yake. Akishindwa, mhamishe. Atanuna, na anune.

Manchester tena, Juni 2019: abiria wa PIA, shirika la ndege la Pakistan, akafungua mlango wa dharura akidhani ni choo. Slaidi, ile ngazi ya mpira ya kuteleza inayojijaza hewa, ikafumuka. Mlango usio na slaidi hauhesabiwi kama njia ya kutokea, kwa hiyo karibu abiria 40 wakashushwa na mizigo, safari ikachelewa saa nyingi. Mnacheka. Lakini ulishawahi kutafuta choo gizani nyuma ya ndege, alama zote zikiwa kwa lugha usiyoisoma?

Naona karatasi... dakika tatu. Haya, na kubwa nililiacha nyuma! Wanaofumua slaidi wengi si abiria. Ni sisi, wahudumu, ndege imeshaegeshwa, umechoka, mtu wa chakula anagonga nje na mkono unakwenda wenyewe. Simama. Mkono mgongoni. Tazama kama mlango bado umetegwa, yaani slaidi iko tayari kufumuka ukiufungua. Kwenye 737 ule ukanda mwekundu wa kidirishani, alama kwamba umetegwa, uondoke kwanza. Tamka kwa sauti, mwenzako aje athibitishe kwa macho yake. Na taa nyekundu ya shinikizo la hewa ya ndani ikiwaka, usiguse: Miami, Novemba 2000, ndege iko chini lakini hewa bado imejaa ndani, mlango uliposhurutishwa ulifyatuka, mhudumu akarushwa nje akafa.

Swali moja. Dada wa nyuma, ndiyo... Ukimwona jirani yako anachezea mkono wa mlango? Usimtukane, usianze kumrekodi. Ushike mkono wake, piga kelele "mhudumu!", na bonyeza kitufe cha juu yako kwa mkono uliobaki.