Tundu Moja, Volti Nne
(Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa kompyuta, Mwanga, Kigoma)

Mwakeye, ndugu zangu. Sogeeni mbele, viti vipo, msijibanze mlangoni.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Nalisema tena kwa sababu bado halijashika. Kompyuta mpakato za zamani ninazozikuta zimelala kabatini Ujiji, Gungu, mpaka Kasulu huko, nyingi si mbovu. Zimekosa chaja. Mwenye mashine alikwenda dukani akasema, "Nipe chaja ya Toshiba." Au aliibeba mashine yenyewe, muuzaji akajaribisha vichwa vya chaja kimoja baada ya kingine mpaka kimoja kikaingia, akasema, "Hiki hapa, kimekaa." Kimekaa! Hata msumari unakaa kwenye tundu lile. Swali la kwanza la chaja ni volti ngapi, na jibu lake limeandikwa chini ya mashine, bure kabisa, halihitaji fundi.

Tuchukue kichwa kimoja tu, kile cha duara chenye upana wa milimita 5.5 kwa nje na 2.5 kwa ndani. Kimejaa kwenye makasha yenu yote. Sasa sikilizeni. ThinkPad za IBM, kuanzia T40 hadi T43, zinatumia kichwa hicho na zinataka volti 16. Toughbook za Panasonic, zile ngumu zenye mkono wa kubebea, kichwa hichohicho, volti 15.6. Asus nyingi na Toshiba Satellite nyingi, kichwa hichohicho, volti 19. IdeaPad za mwanzo za Lenovo, hichohicho, volti 20. Tundu moja, volti nne. Mtu akichomeka chaja ya 19 kwenye T42, kichwa kinaingia vizuri kabisa, kinabana, kinaridhisha. Akiwa na bahati, mashine inakataa kuwaka. Akiikosa bahati, sehemu ya kuchaji inaungua, na ubao wa mashine hiyo utauagiza wapi leo?

Kuna atakayeniambia, "Mzee, mimi natafuta kwa jina, nasema ThinkPad, napewa ThinkPad." ThinkPad ipi? IBM iliiuzia Lenovo biashara yake ya kompyuta mwaka 2005, na mwaka 2006 zikatoka T60 na X60 zenye volti 20 na kichwa kinene chenye sindano katikati. Jina lile lile, chaja mbili zisizojuana. Toshiba nayo hivyohivyo: Tecra nyingi za zamani zinataka volti 15, Satellite zilizofuata 19. Kwa hiyo ukimwambia kijana wa dukani "Toshiba", hujamwambia chochote. Mwambie: volti 15, ampea 4, upana wa kichwa huu hapa. Hapo atatafuta kitu kinachojulikana.

Na ampea. Hapa kila mara mtu hunyanyua mkono: "Mashine yangu imeandikwa ampea 3.42, nimepata chaja ya 4.74, si itaunguza?" Haiunguzi. Mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi anaweza kuwa na magunia kumi, wewe uliyekuja na kikapu unaondoka na kikapu chako. Mashine huvuta ampea inazohitaji, chaja haizisukumi. Volti zilingane, ampea za chaja ziwe sawa na za mashine au zaidi. Zikiwa pungufu, chaja inachemka, inajizima, au inakufa. Naomba kesho nisiulizwe tena.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Chaja za Dell zenye kichwa cha milimita 7.4, volti 19.5. Katikati ya kichwa kuna sindano nyembamba. Sindano ile haileti umeme wa kuendesha mashine. Inabeba taarifa. Ndani ya chaja kuna chipu ndogo inayoiambia mashine, "Mimi ni wati 65," au "Mimi ni wati 90." Waya wa sindano ukikatika, mashine bado inawaka, lakini haijui imepewa chaja gani. Basi inajilinda: inakataa kuchaji betri na inapunguza kasi ya prosesa.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa na mashine ya aina hiyo. Ilianza kwenda polepole. Fundi wa kwanza akasema ni virusi, akaifuta yote na mitihani ya mwalimu ikaenda na maji. Ikabaki polepole. Fundi wa pili akasema betri imekufa, mwalimu akanunua betri. Haikuchaji. Wa tatu akamwongezea kumbukumbu, yaani RAM. Mashine ileile, polepole vilevile. Na muda wote huo kila ilipowashwa ilikuwa inaandika kwenye kioo kwamba haitambui chaja, na kila mtu alikuwa anabonyeza ili maandishi yaondoke! Waya ulikuwa umekatika sentimita mbili kutoka kwenye kichwa, pale unapokunjwa kila siku. Ukakatwa, ukachomelewa upya, nyaya zote tatu, basi. Mwalimu alilipia betri, kumbukumbu na mafundi watatu kwa sababu hakuna aliyesoma kilichoandikwa mbele yake. Vijana, someni! Mashine inawaambia.

Na msidhani chaja ya HP yenye kichwa cha 7.4 itaokoa, ati kwa kuwa nayo ina sindano. Kichwa kinafanana, taarifa ya kwenye sindano ni tofauti.

Najua kuna anayesema umeme wa hapa ndio unaoua chaja. Tumeishi miaka mingi na majenereta ya dizeli, nakubali, na umeme unaporudi kwa kishindo unaua kweli. Chomoa ukikatika. Lakini umeme kuwa mdogo si kisingizio: chaja nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, zinavumilia. Zinazoletwa mezani kwangu, ugonjwa mkubwa ni waya. Kwa hiyo chaja ikifa, msitupe kichwa. Kateni mkiacha waya wa shibiri moja, andikeni volti kwenye kipande cha karatasi, fungeni. Siku itakuja adapta yenye volti sahihi na kichwa kisicho chake, mtaunganisha. Kabla ya kuunganisha pimeni kwa mita ya umeme. Karibu zote chanya iko ndani na hasi nje, lakini neno "karibu" halitoshi, angalieni mchoro wa duara uliopo kwenye lebo.

Volti 16 ni ngumu kupata, sibishi. Mtu ataniambia adapta ya kinanda cha Yamaha, PA-300, inatoa 16. Kweli, kwa ampea 2.4. Zidisheni volti kwa ampea: wati 38. T43 inakuja na chaja ya wati 72. Haitoshi. Na adapta za printa msiziguse bila kusoma, nyingine za HP zinatoa 32.

Muda unanibana, niseme haraka. Chaja mpya za USB-C zinatoa ngazi za volti 5, 9, 15 na 20, na kuna nyaya zenye kichwa cha duara zinazoomba ngazi moja. Ya 20 inaendesha mashine nyingi za 19 na 19.5, tofauti ndogo hiyo zinaivumilia, ila waya wa kawaida unaishia ampea 3, yaani wati 60. Ya 15 inafaa Toshiba za zamani zisizo na njaa kubwa. Ya 16 haimo kwenye ngazi hizo. Za Apple zenye sumaku, zilizoanza 2006 na zile za 2012, hazibadilishani vichwa bila kipande cha kati; wati zikizidi hakuna ubaya.

Kichwa cha 2.5 kikiingia kwenye tundu la sindano ya 2.1 kinalegea, mashine inazima ukiigusa. Hilo tutalipima sasa hivi. Mita mbili ziko mezani. Dada mwenye begi la bluu, leta hiyo ya kwako kwanza, na kabla hujanipa, nisomee kwenye lebo ya chaja mstari wa OUTPUT, yaani umeme inaoutoa, kwa sauti.