Lafudhi: Kwa Nini Tunatofautiana, na Kwa Nini Tunahukumiana

ZUHURA: Karibuni kipindini. Leo tunaongea lafudhi, na nitenganishe mambo mawili mapema tusije tukachanganyana. Anayesema "mato" akimaanisha macho, huyo anatumia lahaja, na lahaja ina maneno na maumbo yake. Anayesema "macho" kama wengine, lakini ukisikia tu unajua kakulia wapi, hapo tunasema lafudhi. Leo tuko na huyu wa pili.

BARAKA: Tuanzie kwenye swali linaloulizwa kila mara: mtu mzima, msomi, inakuwaje r na l zinamshinda? Wengi husema ana ulimi mzito.

ZUHURA: Ulimi unasingiziwa. Tatizo linaanzia sikioni. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees walichapisha utafiti uliofanyika Kanada kwa watoto wachanga wa nyumba zinazoongea Kiingereza. Wakiwa na miezi 6 hadi 8, walitofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao wenyewe hawazisikii. Walipofika miezi 10 hadi 12, karibu wote walikuwa hawazitofautishi tena.

BARAKA: Kwa hiyo kabla mtoto hajasema sentensi hata moja, sikio limeshachagua la kushughulika nalo.

ZUHURA: Ndiyo. Linabaki na tofauti zinazobadilisha maana katika lugha ya nyumbani, nyingine linazipuuza. Kikuyu kina r, hakina l. Kikamba kina l, hakina r. Wote wawili wakija kwenye Kiswahili wanakuta "kula" na "kura", "hali" na "hari", "mahali" na "mahari". Sikio la kila mmoja linaweka sauti zote mbili kwenye fungu moja.

BARAKA: Na hilo fungu lina utaratibu wake. Mjaluo hana z wala sh katika Dholuo, kwa hiyo "zamani" inaweza kutoka "samani", na "shamba" ikawa "samba". Katika Kikuyu, b, d na g haziji bila king'ong'o, yaani sauti ya puani kama m au n, mbele yake, ndiyo maana unasikia "ngari" na "mbaba". Lakini p, t na k hazipati king'ong'o hicho. Hapo ndipo waigizaji wengi wa vichekesho hukosea: wanamwaga m na n kila mahali, hata pale ambapo mwenye lafudhi yenyewe hawezi kuziweka.

ZUHURA: *(anacheka)* Wenyewe wakisikia wanajua papo hapo kwamba huyo anabuni.

BARAKA: Hata hivyo, dada Zuhura, lugha ya kwanza haielezi kila kitu. Kuna watu lugha yao ni moja, wanaishi mwendo wa saa chache tu, na bado lafudhi zinaachana.

ZUHURA: Sauti za lugha hazitulii. Kila kizazi kinazisogeza kidogo, na watu wasipoongea pamoja mara kwa mara, kila upande unasogea kivyake. Mlima unatosha, kivuko kinatosha. Tena mtoto hafuati lafudhi ya mzazi kama anavyofuata ya watoto wenzake. Ndiyo maana familia ikihama watoto wakiwa wadogo, baada ya muda nyumba moja inakuwa na lafudhi mbili.

BARAKA: Na wakati mwingine watu wanasogeza sauti kwa sababu ya msimamo, hata kama wenyewe hawatambui. Mwaka 1961 mtaalamu wa lugha William Labov alikwenda kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, kilichokuwa kinajaa wageni wa likizo kila kiangazi. Aligundua kwamba wenyeji waliojihisi ni wa kisiwa hasa, wavuvi wakiwa mbele, ndio waliotamka irabu fulani kwa namna ya kisiwa kwa nguvu zaidi. Vijana waliopanga kuhama hawakuwa nayo sana.

ZUHURA: Huyo huyo Labov ndiye anatuingiza kwenye hukumu. Mwaka 1962 alizunguka maduka makubwa matatu ya New York: la matajiri, la watu wa kati na la bei nafuu. Aliwauliza wauzaji mahali pa bidhaa ambayo alishajua iko ghorofa ya nne, kwa sababu maneno hayo mawili kwa Kiingereza, "fourth floor", yana r mbili. Anasikiliza jibu, anajifanya hakusikia, muuzaji anarudia kwa uangalifu zaidi. Akitoka hapo anaandika. Duka la matajiri, asilimia 62 walitamka r japo mara moja. La kati, 51. La bei nafuu, 21.

BARAKA: Sasa vuka bahari uende Uingereza. Lafudhi ya wakubwa wa huko ndiyo isiyotamka r hiyo, na anayeitamka huchukuliwa kuwa mtu wa shamba. Sauti ile ile, neno lile lile, hadhi imepinduka. Mtu akiniambia lafudhi fulani "ni mbaya kwa asili", namrudisha hapo. Kama ubaya ungekuwa ndani ya sauti, usingebadilika kwa kuvuka maji.

ZUHURA: Na hukumu hiyo inawaingia hata wanaohukumiwa. Wallace Lambert na wenzake, mjini Montreal, Kanada, walichapisha utafiti mwaka 1960. Watu wanaojua lugha mbili vizuri walisoma kifungu kimoja, mara kwa Kiingereza, mara kwa Kifaransa. Wasikilizaji hawakuambiwa kwamba sauti zinajirudia. Mtu yule yule akisoma kwa Kiingereza alionekana mwerevu zaidi, tena wasikilizaji Wakanada wanaoongea Kifaransa wenyewe ndio waliokibana Kifaransa zaidi.

BARAKA: Hilo linauma. Kuna na la kuaminiwa. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar waliwasikilizisha watu sentensi kama ile ya twiga kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia. Waliosema kwa lafudhi ya kigeni hawakuaminika kama wenyeji, ingawa wasikilizaji waliambiwa kwamba msemaji anasoma tu maneno ya mtu mwingine. Walieleza kwamba akili inatumia nguvu zaidi kuelewa, halafu ugumu huo inauhesabu kama dalili ya uongo.

ZUHURA: Anayefanya usaili wa kazi alijue hilo. Mwache mtu aongee dakika mbili mambo mepesi kabla hujaanza kumpa alama. Utafiti wa Constance Clarke na Merrill Garrett wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba msikilizaji huzoea lafudhi ya kigeni ndani ya dakika moja.

BARAKA: Haya, kuna anayetaka kurekebisha. Mtangazaji, mwalimu. Afanyeje?

ZUHURA: Asianze na ulimi. Chukua jozi: kula/kura, kalamu/karamu, hali/hari, mahali/mahari. Watafute watu wanne au watano wenye sauti tofauti wazirekodi. Sikiliza maneno 20 yaliyochanganywa, andika l au r, angalia jibu papo hapo. Dakika kumi kwa siku. Ukitumia sauti ya mtu mmoja utamzoea yeye, siyo herufi. Wajapani wamefundishwa r na l za Kiingereza kwa njia hii ya sauti nyingi, bila zoezi lolote la kutamka, na matamshi yao nayo yakaimarika.

BARAKA: Akipata 18 kati ya 20 kwa sauti ngeni, ndipo aguse ulimi. Kwa l, ncha inabana kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu na kukaa, pumzi inapita pembeni. Unaweza kuivuta hata sekunde tatu. Kwa r ncha inagonga na kuondoka. Ukijaribu kuivuta ikakubali bila ulimi kutetemeka, hiyo ni l.

ZUHURA: Mwisho sentensi nzima, kwa mfano "mahali pa kulipia mahari", kwa sababu mtu huwa sahihi kwenye neno moja halafu anateleza akili ikienda kwenye maana.

BARAKA: Na angalia kupitiliza. Mtu amechekwa kwa kusema "zambi", kesho anasema "dhawadi" na "dhamani". Alichojifunza ni kuiogopa z, hakujifunza dh iko wapi.

ZUHURA: Huyo hahitaji zoezi la mdomo, anahitaji orodha. Dh nyingi ziko kwenye maneno ya asili ya Kiarabu: dhahabu, dhambi, dharau, dhoruba, adhabu, fedha, hadhi, radhi. Ukizishika hizo umeanza vizuri. Th fanya vivyo hivyo, na anza na "thamani", kwa kuwa ukiikosa hiyo unaishia kwenye meza na viti.