Nani Aliyelipa Kiingilio? Tunaizungumzia The Elephant Man

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuna filamu ya zamani kidogo, The Elephant Man ya David Lynch, ya mwaka 1980. Mwenzangu Deo kaitazama juzi kwa mara ya kwanza, na tangu hapo ana neno moyoni.

DEO: Ninalo, dada. Ila kwanza niisifu, nisije nikaonekana mchoyo. Uliona Lynch alivyotunyima ile sura ya Merrick, yule mtu mwenye ulemavu mkubwa wa uso na mwili anayeonyeshwa kwa kiingilio? Daktari Treves, yaani Anthony Hopkins, anahangaika vichochoroni London mpaka anampata mwenye maonyesho, analipa, Merrick anafunuliwa. Halafu kamera inatugeuzia uso wa daktari! Inamsogelea taratibu, mdomo wazi, chozi linamdondoka.

ZUHURA: Na wewe hapo kwenye kiti umenyoosha shingo.

DEO: Nimenyoosha, ndiyo! Kumbe nami nimo kwenye foleni ya waliolipa kiingilio.

ZUHURA: Na chini ya ile mekapu yumo John Hurt. Saa saba hivi za kumvalisha, kila siku ya kazi. Christopher Tucker aliitengeneza kwa kufuata plasta iliyochukuliwa kwenye mwili wa Merrick alipofariki, ikahifadhiwa hospitalini. Filamu ikateuliwa Oscar mara nane, ikaambulia patupu. Watu walilalamika sana, maana mekapu haikuwa hata na tuzo yake ya kudumu. Ikaanzishwa mwaka uliofuata.

DEO: Mimi kilichonimaliza ni ile Zaburi.

ZUHURA: Ee bwana! Mkuu wa hospitali anakuja kumpima kama ana akili. Treves kamkaririsha Merrick maneno machache, na mzee anagundua haraka kwamba huyu anarudia tu kama kasuku. Basi, wanatoka nje, wanakata tamaa. Wakiwa koridoni wanasikia sauti chumbani: "Bwana ndiye mchungaji wangu." Na inaendelea, mpaka kule ambako Treves hakuwahi kumfundisha.

DEO: Kumbe alikuwa anajua kusoma siku zote, ila hakuna aliyemuuliza. Sasa nitoe dukuduku langu?

ZUHURA: Toa.

DEO: Yule Bytes, mwenye maonyesho wa kwenye filamu, mlevi anayempiga Merrick kwa fimbo. Ukirudi kwenye historia, hadithi ni nyingine. Merrick alizaliwa Leicester mwaka 1862. Mwaka 1879 akaingia nyumba ya kazi ya maskini, akasota humo miaka karibu mitano. Ni yeye mwenyewe aliyemwandikia mtu wa maonyesho, ili atoke akajitafutie riziki. Huko London aliyemwonyesha ni Tom Norman, dukani Whitechapel Road, mkabala na hospitali yenyewe. Na Merrick aliweka akiba, kama pauni 50. Aliyemwibia ni meneja mwingine, kule Ubelgiji.

ZUHURA: Sawa, lakini mtu ambaye mlango mwingine pekee ni nyumba ya maskini, hapo amechagua nini?

DEO: Kachagua kula jasho lake. Filamu imemnyang'anya hilo, ikambakiza mtu wa kuhurumiwa tu.

ZUHURA: Hapo unaionea kidogo. Filamu yenyewe inamsuta daktari. Matroni anamwambia usoni kwamba wale matajiri wanaokuja kunywa chai wanamshangaa tu upya. Na usiku Treves anakosa raha, anajiuliza yeye ni mtu mwema au mbaya.

DEO: Nakubali. Ila chukua ile ya stesheni ya Liverpool Street. Umati umembana chooni, anapiga kelele kwamba yeye si mnyama, ni binadamu. Ukitazama filamu unadhani anawajibu watu wa mtaani na akina Bytes. Sasa Norman aliacha kumbukumbu zake. Anasema Merrick alikataa kurudi hospitalini kuchunguzwa, kwa sababu kule alivuliwa nguo zote akajiona kama mnyama mnadani.

ZUHURA: Hiyo kaisema Norman, ambaye naye alikuwa anatetea biashara yake.

DEO: Na Treves hakuwa anajitetea? Miaka minne Merrick aliishi pale hospitalini, tangu 1886 hadi alipofariki 1890, na kwenye kitabu chake daktari akamwita John.

ZUHURA: Jina lake lilikuwa Joseph.

DEO: Joseph Carey Merrick. Na kwenye muswada Treves alikuwa ameandika Joseph kwanza. Akalikata kwa kalamu, akaweka John.

ZUHURA: Haya, kwa hilo sina la kumtetea.