Kangomba kwenye chumba cha seva
(Mhadhara kwa mafundi wa TEHAMA, Mtwara mjini)

Ndugu zangu, mlionisikia Masasi mnajua nitasema nini, kwa hiyo vumilieni au tangulieni chai.

Kangomba mnaijua. Mkulima anaacha mizani ya chama cha ushirika, anamwuzia korosho mtu anayepima kwa kopo. Kopo linajaa, hela inatoka, kila mmoja anaona kapimiwa. Mnamcheka. Haya, nanyi mkiambiwa "mfumo unasumbua" mnafanya nini? Mnachungulia asilimia ya prosesa, mnaandika dokezo la kuomba seva mpya. Hilo nalo ni kopo.

Niliitwa ofisi moja, siitaji, Oktoba, minada ya korosho imeanza. Watu wamejaa dirishani wanaambiwa mtandao uko chini. Mtandao ulikuwa mzima kabisa! Fundi wao, kijana mzuri, akanipokea na barua ya manunuzi mkononi: ram, kumbukumbu ya muda ya seva, iongezwe maradufu. Kwa nini ram? "Mwalimu, tazama, imebaki kidogo sana." Kweli, safu ya "free" ilikaribia sifuri. Lakini Linux, mfumo endeshi wa seva ile, haipendi ram ikae bure. Inaijaza nakala za mafaili yaliyokwisha kusomwa, na programu ikihitaji nafasi, inaiachia. Safu ya kutazama ni "available", na pale ilizidi nusu. Barua ile ingepita, wangenunua ram ya kuhifadhia hewa.

Tukaandika uptime, amri inayoonyesha mzigo wa seva. Mzigo 41, kwenye seva ya kori 8, yaani prosesa yake inafanya kazi nane kwa pamoja. Kijana akaruka: basi ni prosesa! Hapana, baba. Prosesa ilikuwa imekaa tu kama mlinzi wa ghala mwezi wa Aprili. Kwenye Linux namba ile haihesabu tu wanaotumia prosesa na wanaoingoja, inahesabu na waliokwama wakisubiri diski. Nikaandika iostat -x 5, amri inayopima diski kila sekunde tano. Kila data ikiandikwa kwenye diski inasubiri milisekunde mia nne na ushee. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3 hivi. Mia nne zinatoka wapi?

Nikaomba ufunguo wa chumba. Kiyoyozi kimekufa, tangu lini hawakumbuki, dirisha wazi, joto la pwani lote limo ndani. Na kwenye kidhibiti cha diski, kadi inayoziongoza diski, inawaka taa ya njano, imezoeleka kama pambo. Betri ya kidhibiti imekufa. Kibetri kile ndicho kinacholinda data iliyo kwenye kache, kumbukumbu ya haraka inayoipokea kabla haijafika diskini, umeme ukikatika. Kikifa, kidhibiti kinaacha kuiamini kache, kila kinachoandikwa kinakwenda moja kwa moja kwenye diski. Na diski zao zilipangwa kwa RAID 5, mpango wa diski kadhaa zinazotunza na pariti, yaani hesabu ya kurudishia data diski moja ikifa. Humo kuandika kitu kimoja kidogo ni kazi nne: soma data ya zamani, soma pariti yake, andika data mpya, andika pariti mpya.

Ilipopatikana betri, mfumo ukapona siku hiyo hiyo. Wale wa dirishani wakaambiwa mtandao umerudi.

Sasa sikieni kilichoniuma. Logi ya kidhibiti ilionyesha betri imekufa Julai. Miezi mitatu! Hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi ya kuandika. Kijana akajitetea kwamba Agosti waliipima ikawa safi. Agosti! Ukipita ghalani Agosti unaweza kusema foleni ya magari haijawahi kutokea.

Foleni haipandi kwa ngazi sawa, na hapa ndipo wengi mnaponizimia simu. Chukua dirisha moja, watu wanakuja bila mpangilio. Mhudumu akiwa na kazi nusu ya muda wake, mteja anakaa pale mara mbili ya muda wa huduma yenyewe. Akifika asilimia 80, mara tano. Asilimia 90, mara kumi. Kwa hiyo anayeniambia "diski iko asilimia 80 tu, bado tuna nafasi" namwomba arudi mwezi wa kumi.

Namwona wa nyuma ananong'ona wao wana SSD, diski zisizozunguka. Hongera. Una diski ya kasi na programu inayosoma jedwali zima kila mtu akibonyeza "tafuta". SSD itakufichia aibu hiyo mpaka mnada wa kwanza.

Wastani nao, haraka haraka. Watu 99 wamehudumiwa kwa sekunde moja moja, mmoja kwa dakika mbili. Wastani hauzidi sana sekunde mbili, mkuu anafurahi. Huyo mmoja ndiye aliyetoka Nanyamba kwa bodaboda. Pangeni muda wa kusubiri kuanzia mfupi hadi mrefu, mtazame mkiani. Wenye seva za kukodi, kwenye amri ya top, inayoonyesha prosesa inatumikaje, kuna herufi st: ikipanda, prosesa yenu inatumika kwa wengine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na watu wakawa wanazima na kuwasha seva zisizo na kosa lolote. Basi, tuiache.

Chai ipo. Mwenye kompyuta asiende mbali, tufungue namba za seva yake. Namba za wiki ya mnada, siyo za leo.