Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, soma kwanza matokeo ya shule ya mtaa

Asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, na ambao sijawagusa za saa hizi. Ingieni tu jamani, viti vya mbele havina mwenyewe. Nimeambiwa humu ndani kuna manesi wapya wa Hospitali ya Kanda pale Mitengo, kuna walimu, kuna watu wa bandarini, kuna wa benki, karibu wote mmehamia Mtwara juzi juzi na wengi bado mnatafuta nyumba za kupanga na mna watoto wa kuandikisha shule. Kwa hiyo leo naongea kitu kimoja tu, namna ya kutumia matokeo na takwimu za shule za serikali kuamua ukae mtaa gani. Inglishi midiam siziongelei, wenye hela zao za basi la njano watanisamehe.

Kwanini mtaa una uzito hivyo? Kwa sababu kwa shule za serikali za kutwa anayeamua mtoto asome wapi kwa sehemu kubwa ni pale unapolala. Darasa la kwanza unamuandikisha shule ya karibu, akimaliza la saba TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, wanampangia kidato cha kwanza, na kama hakupata bweni basi mara nyingi anaangukia shule ya kata ya humo humo kwenye halmashauri yake, kwa hiyo mtoto ana miaka sita we unachagua nyumba kwa kuangalia tailizi na kisima, kumbe unachagua na sekondari yake bila kujua.

Na tunachaguaje? Tunamuuliza dalali. Dada yangu, dalali ukimuuliza shule ya hapa ikoje atakwambia "hapa shule kali mama, wanafaulu wote", hata kama mwenyewe hajui geti la shule liko upande gani. Simlaumu, anatafuta kodi ya mwezi mmoja yake. Ila data zipo na ni za bure. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wanaweka kwenye tovuti yao matokeo ya kila shule, darasa la nne, la saba, kidato cha pili, cha nne na cha sita, huhitaji nywila wala kumjua mtu, unaingia kwenye mwaka, kwa shule za msingi unapita mkoa na halmashauri, unabonyeza jina la shule unaona kila kitu.

Kumi bora msizitafute, tangu Januari 2023 wakati wanatangaza kidato cha nne cha 2022 NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Watu walilalamika sana. Mi naona walifanya vizuri, maana ile orodha ilikuwa tangazo la bure la shule za bweni zenye ada, mzazi wa Chikongola anayetafuta shule ya kutwa ya mwanae ilikuwa haimsaidii chochote.

Sasa tufungue ukurasa wenyewe. Mtu wa kwanza akifungua ya kidato cha nne anaona chini pale GPA ya shule, tuseme 4.1, anafurahi, anasema kumbe hii shule inakaribia fesi klasi ya chuo! Hapana jamani. Kule chuo 5 ndo juu, huku A ni 1 na F ni 5, kwa hiyo GPA ya shule ikipanda maana yake mambo yanashuka. Shule ya 4.1 wastani wake uko kwenye D. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimewaona watu wasomi kabisa, wana digrii zao, wanabishana kwenye grupu la WhatsApp kwamba shule ya 3.9 imezidiwa na ya 4.4.

Alafu kuna ile asilimia ya ufaulu, hii ndo inayodanganya kuliko zote, na hapa nitakaa kidogo. Ufaulu unapigwa kwa waliofanya mtihani. Walioacha njiani hawamo. Sasa natunga namba hapa hapa ubaoni, sio shule ya mtu, msije mkaniletea kesi. Shule ya kwanza, kidato cha pili walifanya mtihani watoto 140. Miaka miwili baadae kidato cha nne wamefanya 88, wamefaulu 80. Wanatangaza asilimia 91, wanachinja mbuzi. Shule ya pili kidato cha pili walikuwa 120, kidato cha nne wakafanya 112, wakafaulu 92, asilimia 82. Kila mtu anakimbilia ya kwanza, si ndio? Sasa rudi nyuma, gawanya waliofaulu kwa wale waliokuwepo kidato cha pili. Ya kwanza inakuwa 57 kwa mia. Ya pili 77. Shule ya kwanza imepoteza watoto 52 njiani na hakuna aliyeuliza wako wapi.

Na hili unalifanya mwenyewe kwa simu yako, ukichukua kidato cha pili cha 2022 na kidato cha nne cha 2024 hao ni watoto wale wale. Au ni wale wale kwa sehemu kubwa, maana wapo wanaohama, wapo wanaorudia kidato cha pili, na tangu mwisho wa 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi, kwa hiyo hesabu haiwi safi kama ya dukani. Lakini tofauti ya watoto watatu wanne ni uhamisho, tofauti ya watoto hamsini sio uhamisho. Ni utoro, mimba, kazi za msimu wa korosho, au watoto wanaambiwa kistaarabu wakafanye mtihani sehemu nyingine ili wasiharibu wastani. Hiyo ya mwisho kwa shule binafsi ndo mchezo wenyewe, kuchuja.

Pia angalia safu ya walioandikishwa na ya ambao hawakutokea. Mtoto kasajiliwa mtihani wa taifa wa kidato cha nne, kakaa miaka minne, alafu siku ya mtihani hayupo. Mmoja ni ugonjwa, wakiwa kumi kuna jambo.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii kabisa ni jedwali la masomo, lipo mwisho wa ukurasa, linaonyesha kila somo waliofanya wangapi, waliofaulu wangapi na GPA ya hilo somo. Tafuta Hisabati, alafu tafuta Fizikia. Kama shule ina watahiniwa 110 na Fizikia wamefanya 9, hapo umeshajua bila kuuliza mtu kwamba mwalimu wa Fizikia ama hayupo ama ni mmoja anagawanywa, na mwanao anayesema anataka kuwa injinia wa gesi hapo anaenda kusoma Historia na Jiografia. Binafsi nikipewa dakika mbili tu na ukurasa mmoja nachagua hili jedwali, naiacha ile divisheni, yaani madaraja ya ufaulu.

Ya darasa la saba nitapita haraka. Wastani wa shule uko kwa 300, masomo sita kila moja 50. Tahadhari yake ni moja, idadi. Shule yenye watahiniwa 18 watoto wawili wakiumwa siku ile wastani unayumba, mwakani unapanda, watu wanasema mwalimu mkuu mpya ni jembe. Chukua miaka mitatu minne uangalie kwa pamoja, na kama shule ni ndogo usiipe sifa wala lawama kwa mwaka mmoja.

Sasa kuna mtu aliniuliza pale nje, hivi haya mambo si ya Wazungu? Ni kweli wenzetu wamefika mbali. Marekani jimbo kama Maryland shule za umma zinaendeshwa na kaunti, kaunti 23 na jiji la Baltimore, mifumo 24 basi, na anwani yako ndo inaamua shule, kwa hiyo mtu akitafuta nyumba anaanza na data za shule za kaunti. Mwaka 1999 mchumi mmoja, Sandra Black, alitoa utafiti wa Massachusetts, alilinganisha nyumba zilizo karibu karibu ila mpaka wa shule unapita katikati, akakuta matokeo yakiwa juu kwa asilimia 5 wazazi wako tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwenye bei ya nyumba. Lakini mtafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sean Reardon, na wenzake wakakusanya matokeo ya nchi nzima wakaonyesha kwamba wastani wa matokeo unafuata sana kipato cha wazazi, ila kasi ya watoto kujifunza mwaka hadi mwaka haifuati kipato kwa kiasi hicho. Yaani kuna shule za maskini zinasogeza watoto mbali sana na kuna za matajiri zinapokea watoto ambao tayari wamefundishwa nyumbani zinabaki kupiga picha.

Na hapa kwetu ni hivyo hivyo. Shule iliyozungukwa na nyumba za watumishi, Shangani huko, ikifanya vizuri kuliko ya pembeni, sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni tyusheni, ni umeme wa kusomea usiku, ni mama aliyefika chuo. Ukihamia pale ukalipa kodi mara mbili ili mwanao awe karibu na watoto wa watumishi, na wewe mwenyewe ni mtumishi, unanunua kitu ambacho tayari unacho nyumbani. Bora utafute shule inayosogeza. Unaipataje? Chukua matokeo ya darasa la nne ya shule moja, sogea miaka mitatu mbele, angalia la saba ya watoto hao hao. Walioingia dhaifu wakatoka wa kawaida, hapo kuna walimu.

Mipaka sasa, maana hapa wageni wanapotea. Kiwanja kule Msangamkuu ni bei nzuri na upepo wa bahari upo, sikatai, lakini ukishavuka kile kivuko uko Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, sio Manispaa, mtoto atahesabiwa na kupangiwa huko. Ukitaka asome mjini avuke kwa pantoni kila asubuhi, na pantoni haijui kengele ya namba. Na wa Lindi mliopo humu, mkisoma wastani wa "Manispaa ya Lindi" kumbukeni ile manispaa sio mji peke yake, inashika mpaka Milola na Rutamba huko, kwa hiyo wastani wa halmashauri hauwaambii chochote kuhusu shule ya Mtanda au Mitwero. Shuka mpaka jina la shule.

Vitu ambavyo NECTA hawaonyeshi inabidi uvifuate kwa miguu. Nenda shule ile siku ya kazi, saa nne muda wa mapumziko. Ofisi ya mwalimu mkuu mara nyingi ina ubao wa takwimu ukutani, umechorwa kwa rangi au manila imebandikwa, mahitaji, waliopo, pungufu. Walimu, madawati, madarasa, matundu ya vyoo, nyumba za walimu. Hakuna siri pale, simama usome. Mwongozo ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 msingi, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Alafu toka nje uangalie foleni ya choo cha wasichana, kengele ikigonga na bado kuna watoto kumi na tano wamejipanga wanavuka mguu huu na huu, hesabu ya ubaoni umeshaiona kwa macho. Uliza pia wanakula mchana au hawali, na kama ni mwezi wa kumi, msimu wa korosho umeanza, omba kujua mahudhurio ya wiki ile.

Na njia. Tembea njia ambayo mtoto atatembea. Ukisema atapanda bodaboda piga hesabu, tuseme buku kwenda buku kurudi, mwaka wa masomo una siku 194, hiyo ni 388,000 kwa mtoto mmoja. Elimu bila malipo ipo tangu 2016, lakini boda haimo. Mara nyingi hiyo hela ukiigawa kwa miezi inatosha kuongezea kodi ya nyumba iliyo karibu na mtoto akaenda kwa miguu na wenzake.

La mwisho kabla ya maswali, kuna kitu matokeo ya nyuma hayawezi kukwambia. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024 msingi unakuwa miaka sita, kwa hiyo 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja na Januari 2028 kidato cha kwanza kinapokea madarasa mawili kwa mpigo. Mwenye mtoto aliyeanza darasa la tatu 2024, au aliye mwaka mmoja mbele yake, sikiliza vizuri, usiangalie sekondari ya kata ilifaulisha vipi mwaka jana tu, kaangalie kama kuna madarasa mapya yanajengwa. Kama uwanja mzima una msingi mmoja wa jengo umeota majani, jua watoto watakaa themanini darasa moja.

Haya, dada wa pale nyuma. Anauliza mwanae yuko darasa la tano Dodoma, amhamishe sasa au asubiri apate nyumba. Usisubiri nyumba dada. Anza na shule. Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule unayoitaka uulize nafasi, akikubali ndo uhamisho unafanyika kwenye mfumo kwa namba ya PREM, ile ya usajili wa mtoto, shule anayotoka inamuachia na hii inampokea. Nimeona watu wanalipa miezi sita alafu wanaambiwa darasa limejaa, mtoto anapelekwa shule ya pili kilomita nne. Ukishapata jibu la mwalimu mkuu ndo umpigie dalali, na umwambie mtaa we mwenyewe.

Nitakuwa pale nje chini ya mwembe na laptop, bando ninalo, mwenye jina la shule aje tuifungue.