Puru Inapotoka: Kupitia Tumboni au Kwa Chini?

Madaktari, matabibu na wauguzi wa chumba cha upasuaji, habari za asubuhi.

Leo tunazungumzia puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, inapotoka nje. Kosa linalotangulia mengine yote ni kuita bawasiri kila kinyama kinachotoka sehemu ya haja kubwa. Mgonjwa akiwa amelala mara nyingi huoni kitu. Mwambie achuchumae chooni ajikamue, kisha utazame papo hapo. Puru iliyotoka nzima ina mikunjo ya mviringo, pete ndani ya pete, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Mikunjo ya bawasiri hutawanyika kutoka kati, kama pande za chungwa. Bana ukuta kwa kidole gumba na cha shahada: ukihisi unene wa tabaka mbili za utumbo, hiyo ni puru, na raba za bawasiri hazitaisaidia.

Watoto wadogo niwaweke kando upesi. Kwao chanzo mara nyingi ni kuharisha, utapiamlo, minyoo ya mjeledi au choo kigumu. Tibu hayo, irudishe kwa glavu yenye mafuta, na wengi wao hupona bila kisu.

Mtu mzima haponi hivyo. Kinachoonekana nje ni ncha tu. Ndani, puru imeachana na sakramu, mfupa wa chini ya uti wa mgongo, sakafu ya nyonga imelegea, sigmoidi, utumbo ulio juu ya puru, imerefuka, na misuli ya kinyeo imechoka kwa kutanuliwa kila siku. Ndiyo maana waya wa Thiersch wa mwaka 1891, unaozungushwa kwenye kinyeo, haukufika mbali. Unabana mlango huku nguzo zimeachia. Waya hukatika, hutoboa ngozi, hufanya usaha, au choo hukwama nyuma yake.

Njia ya tumboni ni rektopeksi, yaani kushikiza puru kwenye sakramu. Puru huachanishwa na sakramu kwa nyuma hadi sakafu ya nyonga, huvutwa juu, kisha hushonwa kwenye ukingo wa juu wa sakramu kwa nyuzi mbili au tatu zisizoyeyuka. Ukichimba nyuma kupita kiasi unaingia kwenye vena, mishipa ya damu iliyo juu ya sakramu. Hapo usianze kushona kwa pupa, kwa sababu sindano huzichana zaidi. Shindilia gozi, kandamiza, mwarifu mtu wa nusu kaputi, subiri. Jambo la pili ni kano za pembeni zinazoshikilia puru. Ukizikata, puru hairudi nje kwa urahisi, lakini mgonjwa anapata choo kigumu cha kudumu. Ili kukwepa hilo, mwaka 2004 D'Hoore na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walieleza namna ya kuachanisha upande wa mbele tu na kushikiza kwa wavu. Ni operesheni nzuri, ila wavu unaweza kutoboa uke au puru yenyewe. Anayeifanya awe ameifunzwa. Kwa kijana wa kiume kumbuka neva za nyonga: ukizijeruhi, nguvu za kiume zinaweza kupotea.

Njia ya chini humfaa mzee, mwenye moyo dhaifu, asiyestahimili kufunguliwa tumbo, maana ganzi ya uti wa mgongo inatosha. Kinachotoka kikiwa kifupi, chini ya sentimita 5 hivi, tumia operesheni ya Delorme: chuna utando telezi, kunja misuli kama pindo za pazia, unganisha. Kikiwa kirefu, au kimekufa, ni operesheni ya Altemeier, ya kukata utumbo uliotoka kwa kupitia chini.

Hiyo tuitazame kwa karibu. Antibiotiki itangulie ndani ya saa moja kabla ya kukata. Vuta puru yote nje. Kata tabaka la nje kuzunguka, sentimita 1.5 hadi 2 juu ya mstari wa denteti, mpaka kati ya utando wa puru na ule wa kinyeo. Ukishuka chini ya hapo unaharibu uwezo wa mtu kutofautisha hewa na choo. Kwa mbele utakutana na mfuko wa peritonia, utando unaofunika ndani ya tumbo. Ufungue taratibu, kwani utumbo mwembamba unaweza kuwa umejificha humo. Funga mishipa ya damu kidogo kidogo, karibu na utumbo, ukiuvuta utumbo hadi usije tena bila kulazimishwa. Shona misuli ya levata, ile ya sakafu ya nyonga, kwa nyuzi chache, ukiacha nafasi ya kidole. Hapo ndipo ukate utumbo, lakini usiukate wote kwa mkupuo, utakimbilia juu. Kata robo, weka uzi, endelea. Kisha jaza katikati kwa uzi unaoyeyuka wa unene wa 3-0.

Mshono huvuja kwa sababu mbili kuu: umevutwa sana, au umefunga mishipa kupita pale ulipokata. Na kabla ya yote uliza: alishawahi kukatwa sigmoidi? Kama ndiyo, kipande kilicho kati ya mishono miwili kinaweza kukosa damu. Mbadilishie njia.

Puru iliyovimba ikakataa kurudi, lakini bado nyekundu, imwagie sukari ya kawaida ya jikoni hadi ifunikwe, subiri robo saa au zaidi. Sukari hunyonya maji, uvimbe hupungua, kisha sukuma kuanzia katikati. Ikiwa nyeusi, usiirudishe. Mpeleke chumba cha upasuaji.

Wapo wanaoapa kuwa njia ya tumboni haina mpinzani. Utafiti wa PROSPER, uliolinganisha operesheni hizi kwa wagonjwa 293 na kuchapishwa mwaka 2013, haukuonyesha tofauti ya wazi kati ya njia hizo katika kurudi kwa ugonjwa. Kwa maoni yangu, hali ya mgonjwa na mkono wa mpasuaji vina uzito kuliko jina la operesheni.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani apewe laktulosi, dawa ya kulainisha choo, anywe maji, ale mboga, asibebe ndoo ya maji kwa wiki 6. Mwelezeni pia kwamba kuvujwa na choo hakuishi siku ya kutolewa nyuzi. Misuli iliyotanuliwa kwa miaka huchukua miezi kujikaza, kwa hiyo msiamue kuwa imeshindikana kabla ya nusu mwaka.