Kompyuta Tulivu ya Mezani: Anzeni na Pawa Saplai

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua vipuri vya kompyuta ya mezani unayoiunga mwenyewe, iwe tulivu na idumu. Wengi wenu huanza na prosesa. Mimi nawasihi muanze na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa vipuri vyote, kwa sababu kinacholeta kelele ndicho hichohicho kinachoua kompyuta, nacho ni joto.

Ndani ya pawa saplai mna kapasita, vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, zenye kimiminika, na kimiminika hicho hukauka polepole. Mafundi wa elektroniki wana kanuni wanayoitegemea: shusha joto la kapasita kwa nyuzi 10, umri wake unakaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo ulizeni yenye kapasita za kuhimili nyuzi 105, si 85, na yenye ufanisi wa daraja la Gold. Hiyo ikibeba nusu ya mzigo wake, asilimia 90 au zaidi ya umeme inaoupokea hufika kwenye vipuri. Kinachobaki ndicho kinachogeuka joto. Kompyuta ikila wati 200, pawa saplai ya wati 450 inatosha. Ile nyepesi mkononi, imebandikwa wati 600 na bei yake ya kutupa, iacheni dukani.

Kisha igeuzeni msome nyuma. Ukiona kiswichi chekundu cha 115 na 230, hiyo ni ya kizamani. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 hujirekebisha yenyewe, hata jioni umeme ukipungua nguvu na taa zikafifia, kazi yako inaendelea. Angalizo tu: baadhi ya hizi hazielewani na UPS (vifaa vya betri vya kushikilia umeme ukikatika) za bei ya chini, ambazo wimbi lake la umeme ni la ngazi ngazi. Ulizeni UPS yenye wimbi laini.

Sasa feni. Chukueni kubwa, milimita 140 badala ya 80, kwa kuwa kubwa husukuma hewa ileile ikizunguka taratibu. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takribani desibeli 15, na hapo sikio linapata raha kwelikweli. Tazameni pia mhimili wake: ule unaoelea kwenye mafuta hukaa kimya miaka mingi, wakati wa bushi ya kawaida huanza kukwaruza mapema, hasa feni ikilazwa. Na kumbukeni hapa Mwanza tuko juu. Ziwa letu, Viktoria, liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo hubeba joto pungufu kuliko ile ya pwani. Hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa, iwe kubwa kuliko mnavyoshauriwa na watu wa huko.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya ughaibuni havilisemi. Wadudu wa ziwani huibuka kwa makundi, zaidi siku za mwezi mwandamo, na hufuata taa. Mnaokaa Kirumba au Capripoint mnawajua. Kasha la kioo lenye taa za rangi linawaita, feni inawavuta ndani, wanajazana kwenye mapezi ya hitisinki pamoja na vumbi, joto linapanda, feni inapiga kelele. Nunueni kasha lisilo na taa, lenye chujio la kuchomoa mbele na chini. Feni za kuingiza hewa ziwe na nguvu kuliko za kutoa, ili hewa ipite kwenye chujio, isinyonywe kupitia nyufa.

Prosesa ya wati 65 inatosha kazi za ofisi, masomo na hata kuhariri picha. Diski iwe SSD, haina kinachozunguka. Kadi ya grafiki msinunue kama hamchezi magemu wala kuhariri video. Prosesa nyingi zina grafiki ndani yake, hakikisheni tu kabla ya kulipa.

Najua mnataka kuuliza bei. Kila anayeuliza aanze kwa kusema kompyuta yake itafanya kazi gani na itakaa chumba gani, tupige hesabu pamoja. Karibuni, tuanze na dada pale nyuma.